Miche Kumi na Mmoja

21 Septemba
Presha 158 kwa 94. Daktari wa zahanati amenipa kidaftari hiki. Ameniagiza niandike presha kila asubuhi mpaka theluji ya kwanza, na chini yake niandike nimekula nini na nimekasirika kwa sababu gani. Nikamwambia kurasa hazitatosha. Akacheka. Mimi sikuwa natania.

Kesho tunahamia msituni. Kijiji kizima cha Arslanbob kinahama: wanaume kwenda kukwea miti na kuitikisa, wanawake kuokota, ng'ombe kutupa maziwa. Mwaka huu miti ya walnati imezaa kokwa mpaka matawi yameinama. Shule imefungwa, ingawa hakuna aliyetangaza. Mkuu wa shule naye ana miti yake.

Kwetu tunakwenda watatu: mimi, Zulhumor mke wa mwanangu, na mjukuu wangu Sevara wa miaka saba. Mwanangu Ilhom yuko Urusi mwaka wa nne sasa, anajenga maghorofa ya watu. Binamu yake, Tolib, ndiye atakayetutikisia miti.

22 Septemba
160 kwa 95. Hema limesimama, lakini upande. Amelifunga Zulhumor.

25 Septemba
155 kwa 92. Mkate umeungua tena. Zulhumor ana miaka thelathini na mmoja, anafundisha biolojia, anajua majina ya Kilatini ya majani yote ya mlima huu, ila moto wa kuokea hauelewi. Hana kelele, hilo nitasema. Akitembea huangalia chini. Miaka minane nimejisifu kwa majirani kwamba mkamwana wangu ana adabu, hainui macho mbele za watu. Leo nimemtazama akitembea kati ya miti macho chini hivyo hivyo, na ameziruka kokwa ishirini bila kuziona. Sijui anaangalia nini.

26 Septemba
155 kwa 93. Magunia mawili. Mgongo.

28 Septemba
164 kwa 98, na sababu ninayo.

Baada ya chai ya asubuhi Zulhumor alipiga magoti kando ya kitambaa cha chakula kama siku ya kwanza alipoletwa nyumbani kwangu. Akasema, "Mama, nina neno." Nilidhani ana mimba, kisha nikakumbuka mume yuko Urusi, nikashika kikombe kwa nguvu.

Neno lenyewe ni kwamba anataka kuomba kusoma shahada ya uzamili ya elimu ya misitu katika chuo kikuu kimoja cha Bishkek, mji mkuu. Miaka miwili. Gharama zote wanalipa wao. Nafasi ni kumi na mbili kwa nchi nzima, maombi yanafungwa tarehe kumi Oktoba, na anayepita anaanza Januari.

Nikamuuliza nani atakanda unga. Nani atamsuka Sevara. Alijibu kila swali taratibu, na nilivyoona majibu aliyaandaa siku nyingi. Mwishoni nikasema nitafikiri. Katika nyumba yangu neno hilo maana yake ni hapana, na yeye anaijua maana hiyo vizuri. Aliinuka, akaenda kumenya maganda ya kijani ya kokwa. Mikono yake imeshakuwa myeusi kwa utomvu wake, kama yetu sote.

30 Septemba
159 kwa 95. Saodat, jirani wa hema la chini, amepata habari. Sijui kwa nani. Labda kwa upepo. Akaja kuomba chumvi ambayo anayo. Akasema, "Dada Mukarram, nasikia mkamwana wako anakwenda mjini kusomea miti. Kwani hii ya hapa haimtoshi?" Kisha akaniuliza kwa huruma kama mimi nami zamani nilitamani kusoma zaidi nikazuiwa.

Sikuzuiwa na mtu. Nilitaka kufundisha hesabu, nikafundisha hesabu miaka thelathini na minne, na nusu ya wanaume walio juu ya miti leo nimewahi kuwasimamisha ubaoni. Nikampa chumvi.

2 Oktoba
171 kwa 100. Daktari akisoma hapa ajue sikula chochote chenye mafuta.

Leo Zulhumor alikwenda kuteka maji akaacha karatasi zake chini ya mto. Sikupekua. Nilikuwa natandika. Ilikuwa barua yake kwa chuo, ile wanayotaka mwombaji aeleze kwa nini anastahili. Nilitegemea kusoma habari za ndoto tangu utotoni na kadhalika. Badala yake nikasoma kwamba msitu wetu unakufa taratibu, kwamba miti tunayoiokotea ni mizee na chini yake hakuna midogo ya kuirithi, kwa sababu kila kokwa tunaiokota na kila mche unaochomoza unaliwa na mifugo. Kwa miaka mitatu amepima vipande sitini vya ardhi, amepata miche kumi na mmoja tu. Halafu, kwa mwandiko wake mzuri ule: "Miongoni mwa mifugo hiyo ni ng'ombe watatu wa mama mkwe wangu, ambao mimi mwenyewe huwakamua."

Nilikaa na karatasi mkononi mpaka akarudi. Nikamuuliza kama amenipeleka Bishkek kama mharibifu. Alitua ndoo. Hakuinamisha macho. Hiyo ndiyo mara ya kwanza.

"Nimeandika na mimi nawakamua, Mama," akasema. "Sikujitoa."

"Ungeweza kuandika ng'ombe wa majirani."

"Wa majirani sijui idadi yao."

Jibu hilo ningelitoa mimi, na ndilo lililoniudhi zaidi.

3 Oktoba
162 kwa 96. Asubuhi nilisema naenda kutafuta uyoga. Nilichukua fimbo nikaipita sehemu yetu yote ya msitu, mstari kwa mstari, kama mtu anayesahihisha daftari. Nilikusudia kumkuta na kosa. Miti yetu naijua. Nimeolewa chini yake. Nilikuwa na hakika kwamba midogo imejaa tele, kwamba nimeiona juzi tu.

Nilitembea kwa muda wa saa mbili na nusu. Katika uwazi sikuona mche hata mmoja. Nikaanza kukumbuka ile "juzi" ilikuwa lini, nikakuta ilikuwa kabla Ilhom hajaanza shule.

Mmoja niliupata. Ulikuwa ndani ya kichaka cha miiba, umefika gotini, majani saba. Nilichanika mkono kuufikia. Na niliposimama, Targil, ng'ombe wangu ninayempenda kuliko wote, alikuwa amesimama hatua kumi nyuma yangu akitafuna, ananitazama kwa upole.

Nikatambua pia jambo jingine, na naliandika hapa kwa sababu hakuna wa kulisoma isipokuwa daktari. Nilirudi hemani nimeinamisha macho njia nzima, nikitafuta. Kwa mbali Saodat aliniona akaniuliza nimepoteza nini. Kwa hiyo miaka yote hiyo mkamwana wangu hakuwa akiinama kwa haya. Alikuwa kazini.

4 Oktoba
154 kwa 91. Baada ya chai nilimwomba Zulhumor karatasi zake. Akanipa, uso mkavu. Nikachukua kalamu nyekundu, maana huwa natembea nayo, nikamwonyesha ukurasa wa pili. Ameandika kwamba kati ya miche kumi na mmoja, tisa ilikuwa ndani ya miiba, yaani asilimia themanini na nane.

"Tisa kwa kumi na moja ni themanini na moja nukta nane," nikasema. "Ukipeleka hivi watasema Arslanbob hakuna mwalimu wa hesabu."

Alitazama karatasi, akanitazama mimi. Midomo ilimcheza. Akauliza kama nimesoma yote.

"Nimesoma. Ng'ombe waache walivyo. Lakini andika na vizio vya vipimo, kama ni mita au hatua, na eleza ulivyochagua vile vipande sitini, maana mtu mkorofi atauliza. Mimi ningeuliza."

Tulikaa mpaka adhuhuri. Kokwa hazikuokotwa. Tolib alishuka mtini akatukuta tunabishana juu ya wastani, akapanda tena.

5 Oktoba
Mvua. 150 kwa 90.

6 Oktoba
Mvua. Kokwa zimeanguka zenyewe, lakini zikilala kwenye maji zitaoza. Tumeokota kwa magoti.

7 Oktoba
157 kwa 94. Chuo kinataka barua ya kumdhamini mwombaji kutoka kazini kwake. Zulhumor ameniambia leo, kwa aibu, kwamba mkuu wa shule anamzungusha tangu Agosti. Kila akimfuata anaambiwa, baada ya mavuno. Baada ya mavuno ni baada ya tarehe kumi. Mwanamume huyo hesabu hiyo anaiweza, nilimfundisha mwenyewe.

Nikavaa buti nikapanda kwenda eneo lake, mwendo wa saa nzima kwenye tope. Nilimkuta Abdurazak juu ya mti mkubwa, ameshikilia tawi. Aliponiona akasalimia kwa heshima zote kutoka huko juu, akasema atashuka akimaliza. Nikakaa kwenye gunia. Akatikisa. Nikakaa. Kokwa zikaninyeshea begani. Baada ya muda hakubakiwa na tawi la kutikisa.

"Shuka, Abdurazak," nikasema.

Akashuka. Ana mvi sasa, lakini anakuna sikio vilevile kama alipokuwa hajafanya kazi ya nyumbani. Akaniambia ukweli, namshukuru kwa hilo: "Mwalimu, nikimpa barua ataondoka. Biolojia nani ataifundisha? Wilaya hawaniletei mtu. Ningempa mvivu barua kwa furaha, lakini huyu ndiye bora niliyenaye."

Nikamwambia kwamba mwalimu wa hesabu wa sasa, yule kijana, alisomea sayansi, naye achukue biolojia. Hesabu nitarudi kufundisha mimi kwa miaka hiyo miwili.

"Mwalimu umestaafu. Na presha yako?"

"Presha nitakuja nayo."

Alicheka, akaomba karatasi. Akaandika juu ya goti. Mistari mitatu: ni mtiifu, hachelewi, anashirikiana na wenzake. Nikamrudishia.

"Hivi ndivyo anavyosifiwa punda," nikasema. "Umeishi naye shuleni miaka saba. Andika ulichokiona."

Akakuna sikio muda mrefu. Kisha akaandika jinsi alivyowapeleka watoto wa darasa la nane msituni na kamba za kupimia wakati shule haikuwa na hata hadubini moja, na jinsi wale watoto walivyokwenda mashindano ya mkoa wakazishinda shule za mjini. Na kwamba yeye mkuu alimkataza mara mbili, akidhani ni kupoteza muda, na alikosea. Hilo la mwisho sikumwambia aandike. Alijaza ukurasa mzima, akageuza. Nikamwona mtoto yule niliyekuwa nikimgombeza, na nikamheshimu kwa mara ya kwanza tangu awe mkuu.

8 Oktoba
168 kwa 99. Ilhom amepiga simu ya picha. Huwa tunapanda ukingoni mwa mlima juu ya kambi kupata mtandao. Alikuwa ameshasikia, na sina haja ya kutaja hema la chini. Hakuomba kuongea na mkewe. Aliongea na mimi.

"Mama, mimi niko huku, yeye aende kule, watu watasema nyumba yetu imevunjika. Mkataze."

Zulhumor alikuwa amesimama hatua mbili, anasikia kila kitu, amemshika Sevara begani. Mwanangu nampenda. Ana macho ya baba yake, na amekonda. Wiki mbili zilizopita ningemaliza jambo hili kwa neno moja na ningelala vizuri.

"Wewe uliondoka kwenda kubeba saruji," nikamwambia, "na nikawaambia watu wote mwanangu ni mchapakazi. Mkeo anaondoka kwenda kusoma. Nitawaambia nini, kwamba ni aibu? Umesoma alichoandika?"

Hakuwa amesoma. Nikamwambia asome kwanza, ndipo anipigie. Nikampa Zulhumor simu, nikateremka na mjukuu wangu tusiwasikilize.

9 Oktoba
Mvua. Ukingoni hakuna mtandao. Sikupima presha.

10 Oktoba
Mvua mpaka saa tisa alasiri. Ilipopungua tulipanda wote, Zulhumor na simu ndani ya mifuko miwili ya plastiki. Barua ya Abdurazak ilipigwa picha mara nne kwa sababu matone yaliiangukia. Mtandao ulikuja, ukaenda, ukaja. Hati zilipanda moja moja. Ya mwisho ilikwama nusu, tukaitazama kama watu wanaosubiri maziwa yachemke. Saa kumi na moja na dakika ishirini hati ikapita. Zulhumor alikaa chini kwenye tope. Nikakaa naye. Nguo zilikuwa zimeshachafuka hata hivyo.

Presha nimepima baada ya kurudi: 149 kwa 90. Daktari anieleze.

11 Oktoba
Ilhom amepiga. Amesoma. Aliuliza ni kweli mti mkubwa wa marehemu baba yake hauna mtoto hata mmoja. Nikamwambia ni kweli. Akasema, "Basi aende."

14 Oktoba
Magunia matano. 151 kwa 91.

18 Oktoba
Hakuna jibu. Mkate umeungua. Tumekula.

20 Oktoba
Wamejibu. Wamechagua watu thelathini wa kuhojiwa kwa simu ya picha, naye yumo. Tarehe ishirini na nne. Saodat amekuja kuomba chumvi tena. Nikamwambia kabla hajakaa.

24 Oktoba
Sikupima. Leo naandika mengi.

Jana nilimsugua Zulhumor mikono kwa limau, kwa majivu, kwa sabuni ya kufulia. Maganda ya walnati hayatoki kwa kusugua. Yanatoka yenyewe ngozi ikibadilika. Nikamwambia aiweke mikono chini, picha imwonyeshe uso tu. Akaitikia.

Saa nne tulikuwa ukingoni. Manyunyu yalianza, kwa hiyo mimi na Tolib tulishika turubai juu ya kichwa chake, mmoja kila upande, nje ya picha. Simu tuliiegemeza kwenye jiwe. Wakatokea watu watatu: maprofesa wawili wanaume, na mwanamke mmoja mwenye miwani aliyekaa katikati, ambaye ndiye mkubwa.

Wa kwanza aliuliza mambo ya udongo, akajibiwa. Wa pili aliuliza vipande sitini vilichaguliwaje, na mimi nikaikaza turubai, maana swali lilikuwa langu. Zulhumor alijibu na kueleza mpaka yule bwana akaandika kitu. Na alipokuwa anaeleza, mikono yake ilipanda. Ilionyesha kamba ilivyovutwa, kichaka kilivyo, mche ulivyo mdogo, mikono myeusi mpaka kwenye viwiko, mbele ya watu wa chuo kikuu, wala hakuikumbuka. Mimi niliikumbuka kwa dakika moja hivi. Kisha nikaona ni mizuri.

Halafu yule bwana wa kwanza akauliza kama mume anajua, na mtoto atakaa na nani, kwa sababu, alisema, wanawake wengi wa vijijini huanza na hawamalizi.

Zulhumor alivuta pumzi. "Mume wangu anajua. Na huu msitu nimeupima miaka mitatu bila mshahara, bila mtu kuniomba, mwaka wa kwanza nikimshika mtoto mkono. Sijawahi kuanza kitu nikakiacha. Naomba niulizwe kuhusu kazi yangu."

Aliongea hivyo hivyo, bila kupandisha sauti. Mkamwana wangu, ambaye miaka minane hakuwahi kuniambia chai imepoa.

Yule mwanamke alitabasamu. Akasema katika barua kuna ng'ombe wa mama mkwe. Je, mama mkwe analijua hilo? Zulhumor akasema, "Yuko hapa. Ndiye aliyeshika turubai. Ndiye aliyesahihisha hesabu zangu pia."

Wakaomba kuniona. Nikampa Tolib turubai yote, nikainama mbele ya simu, kitambaa changu cha kichwa kinachuruzika.

"Mama, umesoma alichoandika juu ya ng'ombe wako?" akauliza mwanamke.

"Nimesoma. Hesabu moja ya asilimia aliikosea. Mengine yote nilikwenda kuyakagua kwa miguu yangu, ni kweli," nikasema. Na kwa kuwa nilikuwa nimeshafika hapo, nikamtazama yule bwana wa kwanza. "Mtoto atakaa na mimi. Nilifundisha watoto wa watu elfu mbili, huyo mmoja hatanishinda."

Wakacheka, hata yeye. Mtandao ukakatika papo hapo, kwa hiyo hatukuagana.

Tulishuka. Karibu na hema Zulhumor alinishika mkono kwa sababu ya utelezi, na tulipofika penye tambarare hakuuachia.

27 Oktoba
Tumerudi kijijini. 146 kwa 88. Theluji imeonekana juu mlimani. Daktari amesema naweza kuacha kuandika. Sijaacha.

5 Novemba
Hakuna jibu. Nimeanza kupitia vitabu vya hesabu vya darasa la tisa. Wamevibadilisha, tena vibaya.

9 Novemba
Hakuna jibu. Tolib amenisaidia kujenga wigo wa Targil na wenzake nyuma ya nyumba. Mwakani hawaendi msituni, nitawakatia majani. Saodat anasema nimezeeka. Nikamwambia nimehesabu.

15 Novemba
Amepata.

Waliohojiwa thelathini, waliochukuliwa kumi na wawili, na yeye ni wa pili. Alikuja na simu jikoni, akanipa nisome mwenyewe. Nilisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti. Sevara akauliza kwa nini tunalia. Nikamwambia ni kitunguu, akasema hakuna kitunguu, na ni kweli hakikuwepo.

Abdurazak alikuja mwenyewe jioni, ameambiwa tayari. Alisimama mlangoni, akasema tu, "Wa pili, Mwalimu. Nchi nzima." Akakuna sikio akaondoka.

17 Novemba
Leo nimewaita watu, nikapika pilau ya sufuria kubwa. Walikuja wanawake ishirini na sita.

Kila mtu wa hapa anajua jinsi tunavyokaa. Mwenye heshima hukaa ndani kabisa, mbali na mlango, ambako upepo haufiki. Mkamwana hukaa mlangoni kabisa, birika mkononi, anamimina chai, ananyanyuka, anatoa vyombo, na yeye hula mwisho kama kimebaki kitu. Mimi nilikaa mlangoni miaka kumi na moja. Zulhumor amekaa minane.

Wageni walipokwisha kuketi, mahali pangu kule ndani palikuwa wazi, wananisubiri. Zulhumor alikuwa ameshajikunja mlangoni, birika mbele yake. Nikasimama juu yake nikamwambia, "Ondoka hapo, mwanangu. Kaa kule."

Hakuelewa. Akadhani kuna kitu nataka akilete. Nikamnyooshea kidole mahali pangu. Saodat akashusha kijiko chake.

"Mama, haiwezekani," akanong'ona.

"Mimi nimesema."

Alipita katikati yao taratibu, akakaa kule mwisho, mgongo wima. Safari hii hakuangalia chini, maana hapakuwa na cha kutafuta. Aliwatazama wote.

Mimi nikakaa mlangoni. Magoti yaliuma, na upepo wa huko naujua. Nikamimina chai, nusu kikombe kama tunavyommiminia mtu tunayemheshimu, nikaipitisha mkono kwa mkono, kutoka kwa mwanamke hadi mwanamke, wote ishirini na sita, mpaka ikamfikia.